Siku Nkambo Alipoazima Macho ya Mbwa

Nilipokuwa mtoto, kwetu Likasi, sikumsikia mtu mzima hata mmoja akibisha kwamba mbwa huona vitu ambavyo macho ya binadamu hayavioni. Lilikuwa jambo la kawaida, kama kusema kwamba asubuhi za kiangazi zina baridi. Mbwa akibweka mahali pasipo na mtu, mama alisema tu, "Iko anaona yake," kisha akaendelea kuchambua mchele. Hakuogopa, na sisi hatukuogopa. Mbwa alikuwa na kazi yake ya kuona, sisi tulikuwa na zetu.

Aliyelijua jambo hilo kwa undani ni Nkambo, yaani bibi yetu, mama yake baba. Yeye alisema siri iko kwenye tongo, ule uchafu unaojikusanya pembeni mwa jicho la mbwa. Mtu akilichukua akajipaka machoni mwake, ataona kila anachokiona mbwa: wafu wanaopita njiani, na walozi jinsi walivyo chini ya ngozi. Lakini jicho lililoona hivyo, alisema, halibaki zima. Kwa hiyo tulipocheza na mbwa wetu tulikatazwa kabisa kumshika usoni.

"Mukimugusa macho, munanawa," Nkambo alisema. "Na sabuni. Sitaki mutoto kipofu mu hii lupango."

Lupango ndivyo tunavyouita ua wa nyumba. Wetu ulikuwa na ukuta wa matofali upande mmoja na senyenge upande mwingine, na mbwa wetu aliitwa Shaba kwa sababu ya manyoya yake mekundu-mekundu. Sikio lake moja lilikuwa limekunjika. Kwa watu wa nyumbani alikuwa mpole kiasi kwamba kuku walikula kwenye sahani yake.

Nilikuwa na umri wa miaka kama kumi alipokuja Bea. Alikuwa mtoto wa mjomba wangu, kaka yake mama. Mjomba alikuwa amefariki zamani. Sasa mama yake Bea naye alikuwa amezikwa huko upande wa Kambove, na mtoto hakuwa na pa kwenda isipokuwa kwetu. Mama alimleta mchana mmoja, Bea mkononi ameshika mfuko wa plastiki wenye vitu vyake vyote. Tulilingana urefu. Alikuwa amevaa gauni la bluu, bluu kali ile ya nguo za mafundi wa viwandani, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa: marehemu mama yake alikuwa amelikata ovaroli la kazi la marehemu mume wake na kumshonea binti. Mfuko wa kifua wenye kifungo cha chuma ulikuwa bado uko palepale.

Bea alipotia mguu mlangoni pa lupango, Shaba aliruka. Sikuwahi kumwona vile. Manyoya ya mgongo yalisimama, meno yote nje, anabweka na huku anarudi nyuma, kama mtu anayetukana na kukimbia wakati uleule. Baba alicheka. "Ni mugeni," alisema. "Atamuzoea."

Hakumzoea. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Bea akienda kuchota maji bombani, akirudi, Shaba anambwekea. Akitoka chooni, anambwekea. Akikaa nasi kula anatulia, kisha akisimama tu kuchukua chumvi, kelele zinaanza upya. Majirani waliokuwa wakipita walianza kusimama. Walitazama mbwa, wakatazama mtoto, wakaendelea na safari yao.

Nyumbani kwetu aliishi pia Tantine Régine, dada mdogo wa baba. Mume wake alikuwa akitafuta maisha Kolwezi, naye alikaa kwetu na mtoto wake mchanga, Trésor. Ni lazima niseme kwamba Tantine hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenisuka nywele kila Jumamosi, tena bila kuvuta. Lakini kabla ya Trésor alikuwa amezaa mtoto mwingine akafa kabla ya kuota meno, na tangu hapo alimlinda huyu wa pili kama mtu anayebeba yai kwenye umati. Trésor akipiga chafya mara mbili, Tantine haendi sokoni.

Mwezi ule Trésor alishikwa na homa. Inapanda jioni, asubuhi inashuka, kesho yake inapanda tena. Tantine alimpeleka kwenye kikundi cha maombi cha akina mama aliokuwa akisali nao katikati ya wiki. Huko mama mmoja alimwombea mtoto, halafu akamuuliza swali moja tu. Nalijua kwa sababu Tantine alilirudia kwa mama jikoni nikiwa napepea mbabula, lile jiko letu la makaa.

"Ameniuliza: mu nyumba yenu, mbwa anamubwekea nani?"

Mama aligeuza bukari kwenye sufuria, ugali wetu wa kila siku, akaigeuza tena ingawa ilikuwa imeshaiva.

Kuanzia siku ile Bea hakuruhusiwa kumbeba Trésor. Sahani yake ilitengwa. Hakuna aliyetangaza, ilitokea tu kwamba sahani yake ikawa ile ya bati yenye ufa, na inawekwa pembeni, na baada ya kula aioshe mwenyewe. Bea hakuuliza. Alikuwa mtoto wa kutouliza. Ila alipungua, na mikono yake ikaanza kuonekana mirefu kwenye lile gauni.

Mimi nililala naye kitanda kimoja. Nilijua alilia wakati gani na alinyamaza wakati gani. Kuhusu ulozi, kwa kweli sikujua niamini nini. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mbwa huona, na nilimwona mbwa akibweka.

Jambo lililobadilisha mawazo yangu lilitokea siku ya kufua. Bea hakuwa na nguo nyingine ya maana, kwa hiyo siku hiyo mama alimpa jezi yangu nyekundu na kitenge cha kujifunga, na gauni lake likaanikwa kwenye kamba. Alienda bombani. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nikichambua maharagwe. Bea akarudi, ndoo kichwani, akaingia kwenye lupango, na Shaba akainuka, akamwendea, akamnusa kidole. Mkia unacheza. Akamlamba mkono.

Bea alisimama pale, maji yanamwagika shingoni, hathubutu kusogea. Kisha upepo ukavuma, gauni likapepea kwenye kamba, na Shaba akageuka na kulirukia kwa kelele zilezile. Lilikuwa gauni tupu. Ndani yake hamkuwa na mtu.

Bea alitua ndoo taratibu. "Solange," aliniita, akijigusa kifua. "Haiko minye. Ni nguo."

"Nguo juu ya nini?" nikauliza, maana sikuona sababu.

"Sijue. Lakini ni nguo." Akafikiri kidogo, halafu akauliza, "Huu mguu wake, nani alimuumiza?"

Maana Shaba aliburuta kidogo mguu wa nyuma. Nikamweleza. Kabla yeye hajaja, mbwa mmoja wa mtaani alikuwa amewauma watoto, watu wakaogopa kichaa cha mbwa, na wanaume wakapita mtaa kwa mtaa wakiwapiga marungu mbwa waliozurura. Waliingia hadi kwetu. Walikuwa wameshampiga Shaba mguuni Nkambo alipotoka akipiga mayowe kwamba huyu ni wa nyumbani. Nilikuwa nikieleza hivyo, na kabla sijamaliza nikayaona tena yale mavazi yao. Yalikuwa maovaroli, na yalikuwa ya bluu.

Tulitazamana. Bila kusema zaidi nikalivua gauni lile kambani, likiwa bado na unyevu, nikalivaa mimi mwenyewe, nikatoka nje ya senyenge na kuingia tena. Shaba, ambaye nilimlisha kila siku kwa mkono wangu, akanionyesha meno. Nilipomwita jina alisita, akatega sikio lile zima, lakini hakunyamaza mpaka nilipolivua.

Sijui kama kuna furaha inayozidi ile ya mtoto aliyegundua kitu cha kweli. Tuliruka-ruka. Tulingoja baba arudi, na jioni, jua likiwa bado liko, watu wote wamekaa uani kula, nikawaeleza kila kitu kwa mpangilio: jezi, kamba, upepo, marungu, gauni mwilini mwangu.

Baba alikuwa mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa upole.

"Mwanangu, mbwa haoni rangi. Njo vile tulijifunza ku masomo. Anaona nyeusi na nyeupe tu. Bluu, nyekundu, kwake ni moja."

"Lakini Papa, tumejaribu!"

"Na yako ya shule?" Tantine aliingilia. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Kila asubuhi unavaa jupe ya bluu. Mbona hakubwekei?"

Ilikuwa kweli. Wanafunzi wote tulivaa bluu na nyeupe, nami sketi yangu ilikuwa ya bluu, na Shaba alitusindikiza hadi barabarani.

Tantine aliweka kijiko chini. Nadhani hapo ndipo alipoyasikia vizuri niliyosema, kwa kuwa aliniangalia kwa namna ambayo sikuwahi kuangaliwa naye.

"Umevaa nguo yake?"

"Ndiyo, Tantine."

"Na mbwa akakubwekea na weye." Akamgeukia baba, kaka yake mkubwa. "Yaya, unasikia? Imeshapita kwa wako."

Nimefikiri sana kuhusu dakika ile. Kila ushahidi tuliouleta uliingia mlangoni kwetu ukiwa wa kumtetea Bea, na ulipofika mezani ukawa wa kumshtaki, tena ukanichukua na mimi. Tantine alianza kulia. Trésor mgongoni mwake alikuwa moto; hata sisi tuliokaa mbali tulisikia anavyopumua. Alisema akina mama wa maombi watakuja kesho kutwa kumchukua Bea. Kulikuwa na nyumba ya kuombea watoto, hatukuwa na haja ya kuelezwa. Walikaa huko bila kula wala kunywa mpaka waseme kwamba ni walozi. Mvulana mmoja wa mtaa wetu alipelekwa, akasema, akarudi. Baada ya hapo hakucheza tena mpira na mtu.

Baba hakusema ndiyo wala hapana. Mama, ambaye mtoto aliyekuwa akisemwa alikuwa wa damu yake, aliangalia mikono yake. Alikuwa mke katika nyumba ya wakwe, na mtoto wa wifi yake alikuwa mgonjwa. Alipojaribu kusema, "Kwanza tumupeleke mutoto ku hopitali," Tantine akamjibu kwamba hata yule wa kwanza walimpeleka hospitali.

Nkambo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anakula polepole kwa vidole vitatu kama kawaida yake.

Walikuja kweli, asubuhi, wanawake watatu wenye vitambaa vyeupe kichwani. Hawakuwa wakali. Mmoja wao alileta hata ndizi. Baba alikuwa amevaa kwenda shule lakini hakwenda. Alisimama mlangoni akifunga na kufungua saa yake ya mkononi. Bea alikuwa amevaa lile gauni lake, kwa sababu jezi yangu Tantine alikuwa ameiondoa. Shaba alibweka tangu Bea alipotoka ndani, na kila alipobweka wale wanawake waliinamisha vichwa, kama watu wanaosikia kitu walichokuwa wameshaambiwa.

Nkambo aliita, "Shaba! Kuya hapa."

Mbwa akaja. Nkambo, bado ameketi kwenye kigoda, akambana kichwa katikati ya magoti, akamshika taya kwa mkono wa kushoto. Kwa kidole cha mkono wa kulia akafuta pembe ya jicho moja la mbwa, kisha la pili. Alifanya taratibu, kama anavyomfuta mtoto kamasi. Tongo lilikaa kwenye ncha ya kidole, dogo, la kijivu. Alilitazama.

Mama ndiye wa kwanza kuelewa. "Nkambo, apana!"

Nkambo akavuta chini kope ya jicho lake la kushoto, akapaka. Akavuta ya kulia, akapaka. Kisha akafumba macho. Nakumbuka midomo yake ilikuwa ikitetemeka, na nilidhani anasali.

"Bea," alisema akiwa bado amefumba. "Simama mu jua."

Bea alisogea mpaka penye jua. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu hadi magotini.

Nkambo akafumbua macho. Yalikuwa mekundu na yanatiririka machozi, na hakuyafuta. Alimtazama Bea kutoka kichwani hadi miguuni, akamwambia ageuke, akamtazama mgongo, akamwambia ageuke tena. Ilichukua muda. Shaba alikuwa akinguruma katikati ya magoti yake, naye alimbana bila hata kumwangalia.

"Minaona mutoto," alisema mwishowe. "Iko na njaa. Mumemukondesha." Akaendelea kumtazama. "Hakuna kingine. Hakuna kitu juu yake, hakuna kitu nyuma yake. Ni mutoto wa muntu."

Mmoja wa wale wanawake alikohoa. "Mama," alianza kwa heshima, "shetani iko na akili, anaweza kujificha..."

"Kwa mbwa hajifichi. Si weye uliuliza mbwa anamubwekea nani?" Nkambo akanyoosha mkono. Kidole kilikuwa bado na tongo, linang'aa kwenye jua. "Tongo iko. Nani anabisha? Akuye, apake, amuangalie mwenyewe."

Hakuna aliyesogea. Yule mwenye ndizi alizihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Nkambo alikaa amenyoosha mkono, anamwonyesha huyu, anamwonyesha yule, mwisho akamgeukia binti yake wa kumzaa.

"Régine. Unataka?"

Tantine alirudi nyuma hatua moja, ameshika miguu ya Trésor iliyoning'inia kiunoni mwake.

"Basi leta huyo mutoto. Papa Solange," hivi ndivyo alivyomwita baba mbele za watu, "acha hiyo saa. Mupeleke mutoto ku hopitali. Sasa hivi."

Baba alikuwa kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alimtoa Trésor mgongoni mwa mama yake akatoka naye karibu akikimbia, Tantine nyuma yake bila viatu. Wanawake wa maombi walisimama kidogo, wakaaga, wakaondoka. Ndizi waliziacha kwenye kizingiti, na Nkambo akampa Bea azile zote.

Trésor alikuwa na malaria, na damu ilikuwa imepungua mwilini. Daktari alisema angechelewa kidogo zaidi isingekuwa na maana kumleta. Alilazwa, akatundikiwa damu, na baada ya juma moja hivi alirudi nyumbani mwembamba na mwenye hasira, anadai kunyonya kila saa. Leo ni kijana mrefu, anatengeneza pikipiki.

Macho ya Nkambo yalivimba siku ileile jioni. Kesho yake yalikuwa yamefunga kabisa, usaha umeganda kwenye kope. Alikataa hospitali kwa siku kadhaa kwa sababu alisema haya yalikuwa malipo na hayana dawa. Alipokubali kupelekwa, jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki na utando mweupe, na hakuona nalo tena mpaka mwisho wa maisha yake. Alikuwa ametuonya hivyo sisi watoto, na ndivyo ilivyokuwa, ingawa mimi leo nasema ni uchafu na vijidudu, na yeye alisema vingine. Kwa mwenye jicho matokeo ni yaleyale.

Kipindi chote cha ugonjwa ule aliyemwosha macho ni Tantine. Alichemsha maji na chumvi kila asubuhi kabla ya jua kupanda, akayaacha yapoe, akamfuta mama yake kope kwa pamba. Hawakuzungumza. Siku moja nilimkuta Bea amekaa kwenye mkeka amempakata Trésor, na Tantine yuko palepale anamenya vitunguu, anajifanya hawaoni.

Mama alimnunulia Bea nguo nyingine, na gauni la bluu Nkambo alilikunja akaliweka kwenye sanduku lake, maana Bea hakutaka litupwe. Shaba hakumbwekea tena. Tantine anaamini mpaka leo, na ukimuuliza atakuambia, kwamba Nkambo kwa kumtazama tu alikifukuza kilichokuwapo. Nilipomkumbusha habari ya gauni, alisema, "Ndiyo, njo mulemule kilikuwa kinakaa." Niliacha kubishana.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeolewa na ninaishi Lubumbashi, nilimpeleka mbwa wetu kuchanjwa. Daktari wa mifugo alikuwa dada kijana mwenye maneno mengi, na wakati akivuta dawa kwenye bomba la sindano nilimuuliza kama ni kweli kwamba mbwa huona nyeusi na nyeupe tu. Akasema watu wengi hudhani hivyo, lakini sivyo. Mbwa huona bluu vizuri, na manjano pia. Asiyoiona ni nyekundu na kijani. Hizo kwake ni kama rangi ya udongo au majani makavu. Nikamuuliza kuhusu bluu nzito, ile ya sare za shule. Akafikiri. Hiyo, alisema, huenda kwa mbwa isiwe mbali na nyeusi.

Nilimpigia Bea simu nikiwa bado nje ya zahanati ile. Yeye anaishi Likasi, ana duka la vitambaa na watoto wake wanne. Alinisikiliza, halafu akacheka kicheko kirefu ambacho mwishoni hakikuwa kicheko sana. "Basi tulikuwa na haki," alisema. "Tulisema kweli."

Nilipokwenda kuwaona wazazi nilimweleza na Nkambo. Alikuwa mzee sana wakati huo, anaota jua kando ya ukuta, amejifunika kitenge hadi kidevuni. Nilimweleza kila kitu, bluu, manjano, sare ya shule. Aliitikia kwa kichwa.

"Donc, kumbe anaona bluu," alisema.

"Ndiyo, Nkambo."

"Mulisema vile, mweye babili, weye na Bea. Minakumbuka."

Nikapata ujasiri wa kuuliza nililokuwa sijawahi kuuliza. "Na weye, ile siku, uliamini tongo? Uliamini kabisa?"

Alinigeuzia jicho lake zima, kama mtu aliyeulizwa kama anaamini kwamba moto unaunguza. "Niliamini sana. Niliogopa mpaka magoti. Weye ulizani minacheza?"

"Na uliona nini?"

"Maji. Macho ilikuwa inawaka, kila kitu ilikuwa maji. Bea mwenyewe sikumuona muzuri."

Kuku alikuwa akichakura karibu na miguu yake, naye akamfukuza kwa unyayo.

"Nkambo, na kama ungeona kitu juu yake?"

Hakuhitaji kufikiri.

"Ningesema sikuona."

Alifariki msimu wa mvua uliofuata. Kwa muda mrefu nilikuwa nimeihesabu habari hii kuwa ni ya watoto wawili waliojua ukweli na watu wazima waliokataa kusikia, na hadi leo sioni sababu ya kuficha kwamba tulikuwa tumeupata. Ila ukweli wetu haukumpatia Bea hata sahani nzima ya chakula. Aliyemtoa mikononi mwa wale watu ni mwanamke aliyeogopa kama wao, aliyeamini kama wao, ambaye alidhani kwamba huenda kweli atamwona mlozi amesimama juani mbele yake, na alikuwa ameshaamua, kabla hajafumbua macho, kwamba mtoto yule atabaki nyumbani.